Sweta la Severina

Mwanjelwa, Mbeya
Alhamisi, 11 Julai 2024

Kwa dada yangu Devotha,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nyololo, wewe na shemeji Mathew na wote wa nyumbani. Natumaini baridi ya Mufindi haijawazidi nguvu, maana ya huku Mbeya mwaka huu imekuja na hasira kama zangu. Goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie asiache dawa kwa sababu tu amepata nafuu. Wanaume wana tabia hiyo. Mimi ni mzima wa mwili. Goodness amerudi shuleni wiki iliyopita na tayari ameshanipigia kulalamikia maharage. Viazi ulivyotuma nilivipata vyote, ndaga fijo, asante sana.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu wewe huniachi nimalize. Nikisema neno moja umeshasema manne, na la tano unaanza kuniombea. Hili nataka ulisome lote ukiwa umekaa. Barua nimeiweka ndani ya kiroba cha masweta ya shule, pamoja na bahasha nyingine niliyoibandika gundi. Hiyo usiifungue. Huko chini utaona ni ya nani.

Jumapili uliponipigia ulikuwa na furaha, nami nilikusikiliza. Ulisema Severina ameondolewa kwenye kwaya, na wamama wa sauti ya pili wamesogeza viti ili isionekane kwamba kuna nafasi imebaki. Ulisema amezuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika, naye amekataa kutubu. Ulisema ukipita mbele ya mgahawa wake unageuza uso, ingawa mmeimba pamoja miaka kumi na minane na ndiye aliyekaa na wewe hospitali ulipompoteza yule mtoto wa mwisho. Halafu ukaniuliza, kama akishindwa kulipa fidia na kile kiwanja cha mgahawa kikawa changu, je, unaweza kuhamishia meza yako ya masweta pale, maana panatazama barabara kuu. Nikakwambia salio linakwisha, nikakata. Salio lilikuwepo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu wewe kesi uliiona kipande. Shahidi hukaa nje mpaka aitwe, na wewe ulipomaliza ushahidi ulikimbilia basi la mchana.

Gerson unamjua. Miaka ishirini na moja ya ndoa, na katika hiyo kumi na miwili ya mwisho alikuwa anakaa wiki mbili za kila mwezi huko kwenu Mufindi akinunua mbao. Nilikuwa namfungia nguo za baridi kwenye begi kama mtoto wa bweni. Agosti mwaka jana ndipo tulipokwenda mimi na wewe na mwenyekiti wa kitongoji, tukagonga kwa Severina saa moja asubuhi, tukamkuta Gerson amekaa kwenye kigoda na taulo kiunoni, anakunywa chai ya maziwa. Huyo mwanaume nyumbani kwangu alikuwa anasema maziwa yanamsumbua tumbo. Unakumbuka Severina alivyofanya alipotuona. Hakukimbia wala hakujifunika. Alisema, "Karibuni. Karibu mama Goodness," akageuka kutafuta kikombe. Wewe uliona ule ni ujeuri wa kupitiliza. Alipoanza kuniambia, "Lakini si wewe mwenyewe," ukampiga kofi, neno likaishia pale.

Baada ya hapo baraza la usuluhishi la kanisa letu lilitukalisha mara tatu. Mzee Zabron, mwenyekiti wa baraza, alinisihi nimsamehe mwenzangu kwa ajili ya mtoto. Gerson alilia. Usimwonee huruma kwa hilo. Huyo hulia hata timu yake ikifungwa. Mimi nilisema sirudi nyuma, wakaandika hati kwamba wameshindwa kutupatanisha, na kwa hati hiyo nikafungua shauri la talaka. Ndani yake nikaweka na dai la fidia ya ugoni dhidi ya Severina.

Nikwambie wazi nilichokuwa nakitaka, maana mbele ya hakimu nilikisema kwa maneno ya adabu. Nilitaka Gerson atoke kwenye nyumba ya Uyole na lile begi tu. Nilitaka ndugu zake wa Rungwe wamwone anavyotoka. Na nilitaka yule mwanamke aliyemchemshia maziwa alie kila anapowasha jiko. Kila usiku nilipolala nilikuwa naona picha hiyo, na usingizi unakuja vizuri.

Esta, yule msaidizi wa kisheria mwenye kibanda karibu na changu, alikuwa ameshanielekeza. Alisema uzinzi ni mojawapo ya mambo yanayomwonyesha hakimu kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukitokea mara moja unaweza kuambiwa nendeni mkasameheane, lakini ukiwa ni wa mara nyingi, unaoendelea, unakuwa na uzito. Na yule mgoni unaweza kumdai fidia, isipokuwa kama hakujua na hakuwa na namna ya kujua kwamba huyo ni mume wa mtu, au kama wewe mwenye ndoa uliridhia. Nilimuuliza kuridhia maana yake ni nini. Akanieleza taratibu kwa mifano. Nikamshukuru, nikarudi kwenye mashine yangu ya kufuma.

Mwezi wa tatu ukaja wewe kutoa ushahidi. Ulishika Biblia, ukasema ulianza kumwona Severina kwaya na sweta la rangi ya damu ya mzee, lenye misokoto miwili kifuani. Ukasema mkono ule unaujua ni wa mdogo wako, na katika miaka tisa unayoniuzia masweta Nyololo, lile halikupita mezani kwako hata siku moja, kwa hiyo aliyelileta ni Gerson. Ukamalizia kwamba ningekuwa najua habari za mume wangu ungekuwa wa kwanza kuambiwa, kwa sababu mimi sijawahi kukuficha kitu. Hakimu aliandika polepole. Mmoja wa washauri wa mahakama, yule mama mtu mzima, alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kila neno ulilosema ulilisema kwa moyo safi.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu yao. Gerson alikuja na baba zake wadogo watatu na koti nililomnunulia mimi. Alikiri uzinzi, kichwa kimeinama. Alisema yeye ni binadamu, alizoea kula pale, chakula kikawa maneno na maneno yakawa mengine. Alipoulizwa kama alimwambia yule mama kwamba mimi na yeye tumeachana, akasema hajawahi, Severina alijua fika kwamba ana mke na ndiye aliyemvuta. Kuhusu sweta, alisema kweli, alilichukua nyumbani bila mimi kujua.

Severina alikuwa amekaa benchi la mbele, sweta lenyewe limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni mapajani. Hakimu akamwambia ana haki ya kumuuliza mdaiwa mwenzake maswali. Akasimama, akalitoa.

"Baba Goodness, hili sweta ulinipa wewe?"

"Nilikupa mimi," Gerson akasema. Kisha akanitazama mimi, siyo yeye. Nami nikamtazama.

Ikafika zamu ya Severina mwenyewe. Alieleza kwamba Gerson alimfuata miezi mingi akimwambia ameachana na mkewe mwaka wa pili sasa. Hakuamini. Akapanda gari mpaka Mwanjelwa kumuuliza mke mwenyewe, na mke akamjibu ni kweli, akampima, akamfumia sweta. Watu waliokuwa nyuma wakacheka, na mmoja wa baba zake Gerson akacheka kuliko wote. Hakimu akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja tu: siku hiyo nani alituona. Severina akasema hakuna, tulikuwa wawili. Nikakaa.

Hukumu ilisomwa tarehe ishirini Juni. Talaka nimepewa: uzinzi umethibitika, umeendelea miezi kumi na minne, ndoa imekwisha. Hayo yalinifurahisha. Kisha hakimu akafika kwenye nyumba. Alisema mahakama haigawi mali ili kumwadhibu mtu kwa dhambi yake. Inaangalia kila mmoja alichangia nini kwa kazi na kwa fedha, na mbao na mabati ya Uyole yalitoka kwenye kazi ya Gerson kama matofali yalivyotoka kwenye mashine yangu. Gerson akapewa nusu. Nusu, dada! Alitoka pale baba zake wamemzunguka, wanampigapiga mgongoni kama mtu aliyetoka kuugua. Aliyebaki amekaa peke yake ni Severina. Aliamriwa anilipe fidia ya milioni mbili, kwa sababu alijua huyu ni mume wa mtu na hadithi yake ya kuja Mwanjelwa haikuwa na shahidi.

Nilirudi nyumbani nimechafuka moyo. Nikajituliza kwamba angalau mmoja nimempata. Ndiyo maana hata wewe uliponiambia habari za kwaya sikusema kitu.

Sasa Jumamosi iliyopita Gerson alikuja hapa kibandani, ati anaulizia msumeno wake mdogo. Alivuta kile kigoda cha wateja, akakaa akanyoosha miguu, akaniuliza kama hakuna chai. Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, akaniambia, "Mama Goodness, sisi bado tunaelewana. Uliona tulivyomweza yule?"

Nilimfukuza na sindano za kufumia mkononi. Lakini alichosema ni kweli.

Dada, keti kama ulikuwa umesimama.

Severina alikuja. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita mwaka 2022, na sikuwa nimejua lolote. Alifika saa nne asubuhi na viatu vyake vya kanisani, akanisalimu "Kamwene" kwa kikwao, akakaa kwenye kigoda hicho hicho. Alishika mkoba kwa mikono miwili muda wote. Akaniambia yeye ni mjane, ana mgahawa Nyololo, na kuna mwanaume anamsumbua akisema ameachana na mkewe, na huyo mke ni mimi. Alisema hajamfungulia mlango. Alisema angeweza kukuuliza wewe, lakini Gerson alimwambia kwamba ndugu wamefichwa, akaona asikuchome moyo kwa jambo ambalo huenda ni la uongo. Kwa hiyo amekuja kwa mwenyewe. Akasema, "Ukiniambia ni mume wako, narudi na gari la saa sita, na hatanunua kwangu hata chapati."

Gerson alikuwa amelala nyumbani Jumanne. Soksi zake zilikuwa zinakauka kwenye kamba.

Nikasema ndiyo, tumeachana.

Mwanzoni lilikuwa ni jambo la kiburi tu. Nisingeweza kumwonyesha mgeni aliyevaa vizuri kwamba mimi ndiye mke asiyejua mume wake anashinda wapi. Lakini neno lilipotoka nikaliona linaweza kufanya kazi. Nikamwambia namwachia kwa moyo mmoja. Nikamwambia asikugusie wewe kabisa, kwa sababu una presha na bado hatujakuambia. Aliitikia, akanishukuru, machozi yakamlengalenga. Mimi nikachukua futi yangu nikamwambia asimame. Nikampima kifua, mabega, urefu wa mkono. Ananukia sabuni ya kipande. Nikamfumia lile sweta kwa siku tatu, nikalituma kwa basi kwa jina lake. Nilichagua misokoto miwili, ambayo sikuwahi kukutumia, ili siku moja wewe uweze kuapa kwamba halikupita kwako.

Siku niliyomuuliza Esta maana ya kuridhia haikuwa Agosti ya mwaka jana. Ilikuwa kesho yake, Ijumaa, futi bado iko shingoni. Nilijua sheria kabla ya kufanya. Esta alisema uzinzi unaoendelea ndio wenye uzito, basi nikauacha uendelee. Miezi kumi na minne nilikuwa namfungia Gerson begi, nazitia zile nguo za ndani nzuri, namtakia safari njema. Nikawa nahesabu. Na Severina naye miezi hiyo yote alisimama pembeni yako kwaya akakaa kimya, akidhani anailinda presha yako. Ndiyo maana asubuhi ile alinikaribisha na kutafuta kikombe. Aliona mtu aliyempa baraka amekuja kumtembelea.

Ningesema hapana siku ile, huo uzinzi usingekuwepo. Nimeshitaki kitu nilichokipanda mwenyewe.

Na Gerson alijua. Sweta lile hakuwahi kuligusa. Aliliona kwa mara ya kwanza likiwa mwilini mwa Severina. Mimi niliposema kizimbani kwamba ameliiba kwangu alielewa hapo hapo kwamba nina langu ninalolificha, na yeye alikuwa na lake, kwamba alimdanganya yule mama. Hatukupatana kabla, hatukukonyezana. Yeye akasema "nilikupa mimi," mimi nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mimi na Gerson tukasema kitu kimoja. Tukamgawana mjane wa watu mbele ya hakimu. Hakimu simlaumu, aliamua kwa yale tuliyompa.

Usidhani nimetubu. Sitaki kukuongopea na hili. Severina bado namchukia kwa zile siku alizomwona mume wangu anacheka, na haki ya kumchukia sina, lakini namchukia. Kinachoniamsha ni kwamba Gerson anaweza kuja akaketi kwenye kigoda changu akaniita mwenzake. Nilifanya yote haya ili nisiwe upande mmoja na mtu huyo hata kaburini, na sasa kuna mtu mmoja tu duniani anayejua siri yangu, naye ni yeye. Hilo siwezi kulala nalo. Afadhali niaibike peke yangu kuliko niheshimike naye.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa wakili nikaapa, maneno yote kama nilivyokuandikia hapa, na la Gerson la sweta limo. Wakili aliniuliza mara mbili kama naelewa kwamba naweza kushitakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Nilimwambia nilikuwa naelewa hata siku niliyousema. Nakala moja nitaipeleka mahakamani Jumatatu asubuhi. Nyingine ndiyo hiyo iliyobandikwa gundi, ni ya Severina. Karani ameniambia muda wa rufaa ni siku arobaini na tano, kwa hiyo mwisho ni tarehe nne Agosti. Akikata rufaa kwa karatasi hiyo, fidia itaanguka na mgahawa utabaki wake. Talaka yangu haitaguswa. Ndoa ile imekufa kwa namna yoyote utakayoihesabu. Na Gerson atasimama tena mbele ya baba zake wale watatu, aulizwe upya ni nani alimpa Severina sweta. Siku hiyo nitakuwepo, hata kama nitaletwa na askari. Ninaisubiri kuliko nilivyowahi kuisubiri Krismasi nikiwa mdogo.

Bahasha ningeweza kuituma kwake moja kwa moja. Ikitoka kwangu ataitupa jikoni, naye atakuwa na sababu. Ni lazima itoke mkononi mwako. Wewe ndiye uliyempiga kofi neno likiwa mdomoni, na ushahidi wako ndio uliommaliza, ingawa hukusema uongo hata nusu. Nilichukua ukweli wako nikaufanyia uongo wangu, na hilo, dada, ndilo peke yake katika yote haya ninalokuomba msamaha. Usinijibu sasa. Usiniombee. Mwombe yeye akusikilize mpaka mwisho, kwa sababu mara ya kwanza wewe hukumsikiliza.

Nisalimie shemeji, umsomee ukiona inafaa. Goodness nitamwambia mwenyewe akifunga shule. Masweta yaliyomo kwenye kiroba ni thelathini, ya bluu na ya kijani. Kama hutaki tena kuniuzia, yarudishe kwa basi hilo hilo, nitaelewa.

Nakutakia afya, wewe na nyumba yako.

Mimi mdogo wako, ambaye hasira zake bado hazijaisha,

Tupokigwe